Sauti ya Rumi Haitoki Nyumbani

Jumatatu, 8 Septemba 2014

Darsono kanunua spika. Haina hata tundu la waya. Inavuta sauti hewani kwa blututhi. Kaizungusha mtaa mzima hapa mjini Solo kama anatembeza bibi harusi. Kisha kaja kwangu na huruma zake: eti Jumamosi, kwenye hitima ya siku ya elfu tangu afariki mke wangu Rumi, nimpe rekodi yake kwa flashi, aitie kwenye simu yake, aipige watu wote wasikie.

Kwenye simu yake! Sauti ya mke wangu ilale mfukoni mwa Darsono!

Mimi si mtoto. Enzi za kikundi chetu cha muziki wa keroncong, Rumi akiimba, mimi gita dogo, Darsono besi, yule bwana hakukosa mazoezi hata mvua ya mawe inyeshe. Na macho yake hayakuwa kwenye besi. Hajaoa mpaka leo. Najua kwa nini.

Rekodi ni moja tu, imo kwenye laptopu yangu. Wimbo mmoja, sisi watatu sebuleni kwetu, kabla kifua hakijamwanza. Huwa naisikiliza Ijumaa, peke yangu. Laptopu imechoka, inalia kama nyuki ndani ya chupa. Na baada ya hitima hii hakuna nyingine. Nataka asikike vizuri mara moja, lakini atokee kwangu, bila kupita mkononi mwa mtu.

Laptopu haina blututhi. Basi itatiwa. Tumboni!

Jumanne, 9 Septemba

Binti yangu Wening kaniuliza, Baba, si ununue kile kidude cha kuchomeka ubavuni? Nikamwambia kitachomoza kama chunjua. Kanitazama vilevile mama yake alivyokuwa akinitazama. Nikatoka.

Koh Liong wa soko la vipuri kanipa kadi ndogo kuliko biskuti. Unang'oa ile ya waifai, unaweka hii, inafanya kazi zote mbili. Nyaya ni mbili, nyeusi na nyeupe. Nisizikate wala nisizichanganye. Kasema ni rahisi, mzee, hata bibi yangu anaweza. Sikuupenda mfano.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefungua! Nimebadilisha! Waifai ipo. Blututhi haipo.

Nikampigia Koh Liong. Kacheka weee, kisha kasema laptopu za aina yangu zina kasoro hiyo: nizibe mguu wa mwisho wa kadi kwa kipande cha selotepu. Miguu yenyewe kama meno ya kitana! Nimeziba nikiwa nimeshika pumzi. Nimefunga. Nimebonyeza.

Kimya. Bonyeza tena. Kimya.

Nimemuua Rumi mara ya pili. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Kila nikijaribu kuukumbuka ule wimbo, nasikia nyuki tu.

Wening kaingia na karai la unga wa vitumbua vya apem. Kauliza betri iliyo juu ya kabati la mchele ni ya nini.

Nimeirudisha laptopuni. Imewaka. Blututhi ipo! Nimemwambia nilikuwa naipumzisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Watu mpaka uchochoroni. Dua imesomwa, wali umegawiwa, apem zimekwisha. Darsono kakaa mbele, kanyoa, shati la batiki jipya. Nikabonyeza. Spika ikaita, ikashika.

Rumi akatoka. Mpana, mzima, kama yuko nyuma ya pazia. Nikasikia vitu ambavyo nyuki hakuwahi kunionyesha. Pumzi yake. Kikaango cha jirani. Katikati ya ubeti gita langu linajikwaa, linapotea kabisa, na Rumi anakohoa kidogo. Hakuwa na kikohozi siku ile! Alikuwa ananipa nafasi nirudi. Na besi nayo ikapunguza mwendo, ikanisubiri. Nikalia mbele za watu, na sikuona haya.

Nikafuta macho. Nikatazama mbele.

Simu! Kila mkono umeinua simu, wanarekodi! Ya Darsono ndiyo ya kwanza.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi Rumi kaimba kwa muuza tempe za soya. Kaimba kwa fundi cherehani. Simu ya jirani ikiita, anayeita ni Rumi. Nilipita uchochoroni na kikapu nikiwa nimefura kwa hasira. Kisha nikapita tena, kikapu kikiwa kimeshajaa, taratibu.

Jioni Darsono kaja. Kasimama mlangoni akichezea kofia. Kasema, Mas Tarjo, kaka yangu, rekodi yangu imejaa makelele ya watu, namsikia kwa mbali tu, sijui kama unaweza kunisaidia. Macho mekundu. Nikamwonea huruma kwelikweli. Nikakumbuka ile besi. Karibu nimpe rekodi yenyewe. Karibu!

Nikamwambia tatizo liko tumboni mwa simu. Aniachie mpaka kesho, mimi sasa ni fundi. Kaniachia! Kanishika mkono kwa mikono miwili, kashukuru.

Iko hapa mezani. Nimeshafungua kifuniko, nimetoa vijikadi viwili na kitu kingine cha dhahabu ambacho sikijui. Bado natafuta mahali anapokaa mke wangu.