Andika Urbanus

Jumatano, 8 Machi

Leo nimekuwa mgombea ubunge wa jimbo. Yaani, karibu niwe. Kupokea majina kumefungwa saa sita mchana. Mimi nimefika saa sita na nusu, suti nyeusi, tai nyekundu, nywele zimechongwa kama za waziri. Hizo nywele ndizo zilizoniponza! Nilipita kwa Venant, kinyozi wetu Mrundi wa Auburn, hapa Sydney, anipunguze kidogo kwa ajili ya picha. Akasema mheshimiwa hatoki kwake na mstari uliopinda. Akaunyoosha kulia, ukapinda kushoto. Akarudi kulia. Nimetoka na paji la uso refu kuliko nililoingia nalo.

Dada wa ofisi ya uchaguzi alinisikiliza kwa upole, akaniambia nijaribu tena baada ya miaka minne. Miaka minne! Na kituo cha basi mbele ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi hakina hata kibanda. Juzi mvua ilitupiga mimi na mwenzangu Dévote mpaka soksi. Hilo ndilo lililoniingiza kwenye siasa. Hilo, na yule mwenyekiti wetu Lusekelo.

Alhamisi, 9 Machi

Nimeokoka! Binamu yangu Calvin, anayeishi Texas, ametuma ujumbe wa sauti. Kwao mtu asipokuwamo kwenye karatasi ya kura, wapiga kura huliandika jina lake kwa mkono, na watu wameshinda hivyo. Na hapa wapiga kura si wanapewa penseli?

Mke wangu Kokushubila ni muuguzi, na hupenda kuiua mipango ikiwa michanga. Ameuliza kama nina hakika sheria ya Sydney ni ile ile ya Texas. Nimemjibu kwamba Kiingereza ni kile kile. Ameuliza pia ni nani atakayeweza kuandika Urbanus Rutahindurwa akiwa amesimama. Hapo ana hoja. Tutatumia Urbanus peke yake.

Binti yetu Hope anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Ameniomba, kwa Kiingereza, nisije shuleni kwao na kipaza sauti. Sikuwa nimefikiria kipaza sauti. Wazo zuri.

Jumapili, 12 Machi

Uzinduzi wa kampeni, nje ya kanisa, Toongabbie. Kipaza sauti kimelia kama mbuzi aliyekanyagwa, kisha kikanyamaza. Nimeendelea kwa koo. Nimeahidi kibanda cha basi chenye benchi. Makofi! Nadhani yalikuwa ya mtoto aliyebatizwa, lakini yalikuja kwa wakati wake.

Halafu akaja Lusekelo. Huyu ni mhasibu, ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania, na sasa anajitolea kugawa vipeperushi vya chama kikubwa. Amevaa fulana yao, imepigwa pasi. Fulana! Akauliza mbele ya watu wote, ndugu mgombea, kwenye karatasi uko namba ngapi? Nikamwambia mimi siko kwenye karatasi, niko mioyoni mwa watu. Akasema basi atanitafuta huko. Watu wakacheka. Mke wangu pia, nimemwona.

Jumamosi, 18 Machi

Siku ya ushindi. Nimekwenda mtaa wa St Marys kwa baba yake Dévote, Mzee Kubwimana. Alizaliwa Burundi, akazeekea kambi ya wakimbizi Kigoma, amepata uraia wa hapa mwaka jana. Hajawahi kupiga kura popote duniani. Ya kwanza itakuwa yangu!

Nimemkuta mezani, miwani puani, anaandika URBANUS. Dévote anasema baba yake hakusoma shule, na amekuwa akifanya zoezi hilo kila jioni tangu nilipomtumia salamu za kuomba kura. Herufi ya S bado inamgeukia nyuma. Anatoa ulimi kidogo akifika hapo.

Akanitazama, akasema, "Mwanangu, kule kambini miaka yote watu walikuwa wanatuandika sisi. Sasa na mimi naandika mutu."

Nimekunywa chai yote, na ilikuwa na tangawizi ya kutoa machozi. Ni tangawizi.

Jumatano, 22 Machi

Balaa. Kokushubila Jumamosi ana zamu, kwa hiyo amepiga kura mapema leo. Amemuuliza msimamizi kama anaweza kuandika jina la mumewe. Msimamizi amesema aandike hata la babu yake, lakini asipoweka namba kwenye kisanduku cha mgombea aliyeidhinishwa, kura imeharibika. Haihesabiwi kwa mtu yeyote.

Nimemuuliza aliandika nini. Amesema kura ni siri, Baba Hope.

Nimempigia Calvin. Anasema yeye alikuwa anaongelea Texas.

Mpango mpya: kunyamaza. Jumamosi iko karibu, nani atajua? Kisha nikaikumbuka ile S iliyogeuka nyuma.

Ijumaa, 24 Machi

Nimekwenda St Marys baada ya kazi. Ndani ya treni nimeandaa hotuba ya kuilaumu Marekani. Nilipofika nimeisahau yote. Nimesema tu, "Baba, nilikudanganya bila kujua. Ukiandika jina langu, kura yako inapotea. Mpigie mtu mwingine."

Dévote amenitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena tukiwa kazini. Mwishowe mzee akauliza ni herufi gani basi anatakiwa kuandika. Nikamwambia hakuna herufi, ni namba tu.

"Namba?" akafoka. "Namba mimi najua toka zamani!"

Hicho ndicho kilichomuudhi. Kwamba nimemfundisha kazi ngumu bure.

Jumamosi, 25 Machi

Mimi mwenyewe nimempeleka mzee kituo cha kura. Shati jeupe, kofia mkononi. Lusekelo alikuwa getini. Akamwinamia kwa heshima, akampa kipeperushi, na hakunicheka. Nimezidi kumchukia kidogo kwa hilo.

Mzee amekaa ndani muda mrefu. Alipotoka nimemnunulia soseji kwenye mkate, kama kila mtu hapa siku ya kura. Akala nusu, ndipo akaninong'oneza. Ameweka namba moja yake, imenyooka, kwa mama aliyeahidi mabasi. Kisha chini kabisa, pembeni, ameandika Urbanus. Kadogo. S imekaa sawa.

Nimempigia Kokushubila kwa hofu. Akauliza ofisi ya uchaguzi, akanijibu kwamba namba ikisomeka vizuri, kura ni nzima.

Nikageukia ukuta. Vitunguu vya ile soseji vilikuwa vikali.

Jumapili, 26 Machi

Yule mama wa mabasi ameshinda. Lusekelo yuko kwenye picha nyuma yake, meno yote nje. Sawa.

Lakini nimeona jambo ambalo wataalamu wote wamelipita! Kura zilizoharibika jimboni ni nyingi ajabu. Maelfu ya watu, na hawana chama, hawana mwenyekiti, hakuna hata anayewasalimia. Nitaanzisha chama chao. Nimemweleza Kokushubila, amekwenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Hatuwezi kushindwa. Kazi iliyobaki ni ndogo tu, kuwafundisha wote kupiga kura vizuri.