Mheshimiwa Yuko Angani

Wizara ina heshima kuutangazia umma kwamba chombo chetu cha kwanza cha anga za juu kimeruka salama, na Mheshimiwa Waziri yumo ndani. Mimi ndiye msemaji wa wizara, na taarifa hiyo niliisoma kwa kinywa changu.

Chombo tulikipata mtandaoni. Ni kielelezo cha kompyuta ambacho yeyote anaweza kukipakua bure. Mpwa wa Waziri, mtengenezaji wa katuni, alikipakua, akakipaka rangi za bendera pale kwenye meza yake ya chakula huku akinyonyesha. Kikawaka moto, kikapaa, kikaacha moshi wa kuridhisha.

"Mjomba, hii ni katuni," alimwambia Waziri. "Nimeandika 'mchoro' hapo chini."

"Futa, mwanangu. Neno hilo linavunja wananchi moyo."

"Watu si watadhani ni kweli?"

"Kwani wizara inasema nini? Hebu niweke dirishani nipunge mkono. Na kitambi nipunguzie."

Mjomba huyo ndiye aliyemlea. Akafuta, akapunguza.

Jumamosi runinga zote zilionyesha. Watu walimwagika mitaani. Mimi niliyejua kila kitu, machozi yalinilengalenga.

Jumatatu Waziri alikuja kazini kama kawaida. Mlinzi hakufungua geti.

"Nikusaidie nini, mzee?"

"Mzee? Mimi ni Waziri."

"Waziri yuko juu. Nimemwona kwa macho yangu. Halafu yule ni mwembamba."

Waziri akanipigia simu, nikashuka. Jambo lilikuwa zito. Nikisema ndiye, wizara imedanganya taifa. Nikisema siye, wizara imesema kweli. Mtumishi wa umma husimama upande wa ukweli. Nilimtazama vizuri bosi wangu, kijasho kikimtoka, nikamwambia mlinzi, "Wanafanana kidogo."

Nilipopanda kutoa ripoti, Naibu Waziri alikuwa ameshahamia ofisi kubwa, anajaribu kiti kama kinazunguka.

"Mwenzetu akiwa safarini, kazi haiwezi kulala," alisema.

"Na atarudi lini, mheshimiwa?"

"Anga ni kubwa. Tusimharakishe."

Nikarudi getini. Mpwa alikuwa amefika, mtoto mgongoni. Waziri alimshika mkono kama mtu anayevushwa barabara.

"Mwanangu, niteremshe. Si unabonyeza tu?"

"Nimeshakuteremsha, mjomba. Tangu jana nimetengeneza unatua, unashuka ngazi, unapigiwa makofi. Asubuhi nimewapelekea."

"Sasa mbona hawaonyeshi?"

"Naibu anasema haiwezi kwenda hewani bila saini ya Waziri."

Waziri akanyoosha mkono, akaniomba kalamu. Ilinibidi nimweleze, kwa upole na kwa mujibu wa taratibu, kwamba wizara haipokei saini za wapita njia.