Kinga ya Nusu Fimbo

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Nyanda za Juu Kusini, wenye ng'ombe na wasio na hata kuku, kwamba mwaka ule wa sabini na sita tatizo la wafugaji kupigwa na wezi njiani lilikomeshwa kabisa, kwa kiwango cha nusu. Nusu iliyobaki waliachiwa wananchi wenyewe, kwa moyo wa kujitegemea.

Nasema bila wasiwasi kwa sababu nilikuwamo. Nilikuwa mjumbe wa Kamati ya Tathmini ya Kinga Zisizo na Gharama, iliyokaa Mbalizi, nyuma ya mnada. Niliingia kwa sifa zangu. Nilikuwa nimesimama nje nakunywa chai, natoka Igowole naelekea Chunya, Ndugu Mwenyekiti Liberatus akachungulia dirishani.

"Wewe mzee, umesoma?"

"La kwanza Kilolo, la tatu Igowole."

"Na la pili?"

"La pili mvua ilikuwa kubwa."

"Inatosha. Ingia, kiti kimoja kiko wazi."

Nikawa Mwakilishi wa Wasafiri.

Shauri lililokuwa mezani lilikuwa la Mbuke, Msukuma wa Usangu, mama wa watu, sauti yake ukiisikia unafikiri mnada umeanza. Tulimwita Mama Budeba. Mwanawe Budeba ndiye aliyekuwa akiswaga ng'ombe kutoka Usangu kuja Mbalizi. Safari iliyopita wezi walimvizia njiani, wakamshushia marungu, wakamvunja mkono. Sasa kundi lingine lilikuwa linangoja kuletwa, na wa kulileta alikuwa yuleyule Budeba, mkono umefungwa mbao. Mama alitaka kitu kimoja tu: mgambo mwenye bunduki amsindikize mwanawe.

Mgambo mwenye bunduki alikuwapo. Aliitwa Saulo. Ila Saulo alikuwa na kazi nzito ya kusimama mlangoni kwa Ndugu Mwenyekiti, ili mlango uonekane una mwenyewe.

"Mama," Mwenyekiti akasema, "bunduki ni moja, wananchi ni wengi. Lakini ofisi imesikia kwamba kwenu mna dawa."

"Ipo. Na mwenye dawa ndiye huyu, Mzee Seni. Mwulize mwenyewe, baba, mimi usinisingizie."

Mzee Seni alikuwa amejifunika blanketi, maana Mbalizi baridi haina adabu. Akasema taratibu: "Ni dawa ndogo. Nakuchanja mkononi, napaka unga. Siku ya kupigwa unakunja mikono, unavuta pumzi, unaibana. Fimbo ikikukuta hivyo, inauma nusu. Ukisogeza mkono, imekwisha. Ukikimbia, imekwisha. Ukitoa pumzi, unaanza upya."

"Safi sana! Na ilitengenezwa kwa ajili ya vita gani?"

"Ya watoto, baba. Wanaokwenda kuchapwa na mwalimu. Mtoto pale harudishi wala hakimbii, atafanya nini? Abane pumzi. Mtu mzima mwenye miguu yake, akimbie."

"Hayo ya mwisho ni maoni binafsi," akasema Ndugu Crispin, mchumi wetu. "Hayataingia."

Crispin alikuwa ametoka kwenye semina Iringa, na huko alijifunza zoezi la mezani. Jambo kabla hujalipeleka kwa wananchi, unaliigiza juu ya meza, kila mtu na nafasi yake, na bahati inaamuliwa kwa dadu. Akachora njia ya Usangu kwa mkaa. Ng'ombe wakawa maharage. Wezi wakawa vizibo vya soda. Budeba akawa kifungo cha koti.

"Ndugu Mwenyekiti, wewe ni Budeba. Mimi ni wezi. Mwakilishi wa Wasafiri, wewe ni ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?" nikauliza.

"Wote. Na usiseme mpaka uulizwe."

Sheria ilikuwa rahisi. Budeba ana uzima wa ishirini. Dadu ikisema sita, fimbo imemwondolea sita. Kila zamu yake anachagua moja: apige, akimbie, au ajikinge.

"Najikinga," akasema Mwenyekiti. Akakunja mikono kweli, akavimbisha mashavu.

Crispin akarusha. "Sita!"

"Nusu!" Mwenyekiti akapiga kelele. "Nusu yake tatu! Tumeokoa tatu!"

"Umetoa pumzi, baba," akasema Mama Budeba.

"Fimbo ilishaingia, mama. Fuata utaratibu."

Tukapiga makofi. Crispin akavuta maharage machache upande wake.

"Zamu yako, Ndugu Mwenyekiti. Unapiga?"

"Nikipiga napoteza kinga."

"Unakimbia?"

"Kiongozi hakimbii. Najikinga."

Ikawa hivyo. Crispin anarusha, Mwenyekiti anagawa kwa mbili, maharage yanahama. Mama Budeba akashindwa kukaa.

"Baba, hebu nisaidie. Fimbo inauma nusu, sawa. Lakini huyu amesimama kama nguzo ya simu, kwa hiyo wanampiga mara mbili zaidi. Nusu mara mbili si ni fimbo ileile?"

"Mama, hiyo ni hesabu," akasema Crispin. "Hapa tunafanya tathmini."

"Na mwizi wa kweli hangoji zamu!"

"Huyo ni mwizi asiye na nidhamu. Hatuwezi kupanga mambo ya wilaya kwa ajili yake."

Mwishowe Crispin akanigeukia. "Ng'ombe, mna hali gani?"

"Tumeshakwenda," nikasema.

Zamu iliyofuata kifungo kikaanguka chini. Budeba amekufa. Crispin akasimama kutoa matokeo: bila kinga kijana angekufa mapema, na kwa kinga amekufa kwa kuchelewa sana. Maisha ya mfugaji yameongezeka. Mwenyekiti akaongeza kwamba, kwa jinsi alivyojisikia yeye mwenyewe, amekufa kwa utulivu.

Mama Budeba hakucheka. "Huyo mliyemwangusha hapo ni mwanangu. Na mkono wake una mbao, haukunjiki."

"Akunje mmoja," akasema Crispin.

Tukapitisha: kinga inafaa. Kuanzia leo mtu mwenye kinga ya ofisi hahitaji bunduki, bunduki iende kwa asiye na kinga. Niliuliza kama napiga kura nikiwa msafiri au nikiwa ng'ombe. Nikaambiwa matokeo hayabadiliki.

Siku ya mnada Mwenyekiti akapanda juu ya gari akatangaza. Aliisifu dawa mpaka wauza mbuzi wakanyamaza. Mama Budeba akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, ahsante. Ila kwetu Usukumani, mtu anayesifia dawa ndiye anachanjwa wa kwanza. Asipochanjwa, hata mbwa hamwamini. Mzee Seni yuko tayari."

"Achanjwe!" watu wakaitikia. "Achanjwe!"

Kukataa angekataaje? Akakunja shati. Mzee Seni akachanja, akapaka unga, akarudi kwenye blanketi lake.

"Sasa una kinga, baba?"

"Ninayo! Imara!"

"Ya ofisi?"

"Kabisa!"

"Basi mwanangu hana, mbao zimezuia. Na ng'ombe zangu hazijui kubana pumzi. Saulo, chukua koti, twende Usangu."

Saulo, aliyekuwa amechoka kulinda mlango usioibiwa, akaanza kutembea. Mwenyekiti akaruka kutoka juu ya gari.

"Simama! Bunduki haitoki bila afisa wa kuisimamia!"

"Afisa mwenye kinga tunaye," akasema Mama Budeba. "Tangulia, baba."

Mnada mzima ulimpisha njia.

Nami nikaenda nao. Chunya haihami. Siku tuliporudi na kundi, Mwenyekiti alikuwa mbele na tai yake, akimeza vumbi la Usangu. Ng'ombe wakafuata, kisha Budeba na mbao zake, na Saulo ubavuni kwake, kwa sababu ndipo bunduki ilipotakiwa kisheria. Kwenye kichaka kimoja wezi wakatoka. Kweli, hawakungoja zamu.

"Usikimbie, baba!" Mama Budeba akapaza sauti. "Ukikimbia imekwisha!"

Mwenyekiti akakunja mikono. Rungu likamshukia begani. Saulo akapiga risasi moja juu, na wezi wakatokomea porini hata ndala wakaziacha. Hakuna ng'ombe aliyepotea. Budeba hakuguswa.

Tukamzunguka Mwenyekiti. Kamati ni kamati, nikauliza: "Ndugu Mwenyekiti, imeuma nusu?"

"Nusu," akasema, machozi yanamtiririka.

"Nusu ya ngapi?"

Akafikiri. Hakujua, maana hajawahi kupigwa fimbo nzima.

Budeba akasogea. Yeye nzima alishaionja, na kwa mkono wake mmoja alishika fimbo ya kuswagia. Akasema kwa heshima zote kwamba, kama itasaidia tathmini, yuko tayari kumpa Ndugu Mwenyekiti nzima moja, ili alinganishe.

Mwenyekiti akaitazama fimbo. Akakunjua mikono, akatoa pumzi yote, akakimbia. Kwa mtu mwenye tai, alikimbia vizuri sana.