Hotuba ya Kirumi Katika Gazeti la Alhamisi

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeazima maktabani kitabu cha hotuba za Warumi wa kale. Kumbe wale walikuwa mafundi! Mtu anapanda jukwaani, anampaka adui asali: anasifu ukoo wake, tabia yake, hata mwendo wake. Watu wametulia. Mwishoni ndipo anamchoma. Gazeti letu la mji ni kinyume: linakuchoma mstari wa kwanza, kisha ndipo linaeleza ulizaliwa wapi. Kwa nini? Sijui. Haraka tu, nadhani.

Nagombea kiti cha bodi ya maktaba na Dwight Hollenbeck, muuza matrekta. Akishinda ataondoa kona ya wazee karibu na hita, aweke kompyuta. Kona yangu! Nitamwandikia barua gazetini, kwa mtindo wa Kirumi.

Jumanne, 22 Oktoba

Barua tayari. Aya nne za sifa: Hollenbeck muungwana, Hollenbeck mkarimu, Hollenbeck hulea paka waliotupwa. Aya ya tano, mkuki: hajaazima kitabu tangu shule ya msingi, na kona yetu anaiita ghala la wazee. Nimecheka peke yangu. Mke wangu Verna kasoma mwanzo, kauliza kama naumwa. Nikamwambia asubiri mkia. Akasema gazetini hakuna anayefika mkiani. Huyu haijui Roma.

Alhamisi, 24 Oktoba

Gazeti limetoka. Aya nne. Ya tano haipo! Mahali pake pana tangazo la matairi. Chini jina langu, kamili. Juu wameandika: Mpinzani Amsifu Hollenbeck.

Jioni kaja Hollenbeck mwenyewe na pai ya maboga, macho mekundu. "Merle, ndugu yangu," kasema, "hata mama hajawahi kunisema hivyo."

Tumekula pai. Tamu, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemvaa mhariri, Bi Paulette. Kaeleza bila kuinua kichwa kwamba nafasi ikibana wanakata kutoka chini. Ndiyo maana habari huanza na jambo lenyewe. Nikamuuliza, na Warumi je?

"Warumi, mzee wangu, hawakuwa na matangazo ya matairi."

Jumatano, 6 Novemba

Hollenbeck kashinda. Verna naye kampigia kura. Anasema barua yangu ilimgusa.

Kona inaondoka Januari. Nimewaza usiku kucha, na kosa nimeliona: sifa zilikuwa chache. Paulette alifika mkiani akiwa bado na nguvu za kukata. Leo naandika barua ya kuitetea kona. Aya tisa za sifa, ndipo mkuki.