Moyo wa Miaka Themanini na Nne

"Lori haliendi popote!"

"Mama Watoto, punguza sauti. Moyo wangu una miaka themanini na nne."

"Wewe una arobaini na tisa, na jana ulimaliza sahani tatu ukaomba nyongeza!"

Mwenye lori akajiegemeza kitini, nyaya za mashine ya kupimia moyo bado zimebandikwa kifuani. Mkewe akamgeukia Profesa. Jina hilo Profesa alijipa mwenyewe, siku ileile aliyonunua koti jeupe na kupanga chumba hiki juu ya duka la rangi.

"Shemeji," Profesa alisema kwa sauti ya matangani, "si mimi ninayesema. Ni akili mnemba. Imesoma michoro ya mioyo ya dunia nzima. Ukiipa mchoro wa moyo wako, inakutajia umri wake bila upendeleo."

Ni kweli wapo wataalamu wanaoifanya kazi hiyo, tena kwa makini. Akili mnemba ya Profesa nayo ilikuwa na makini yake: ilisoma kwanza viatu, ikasoma funguo za gari, halafu kidole cha Profesa kikaandika umri chini ya meza. Tiba ya kuurudisha moyo ujanani ilikuwa ghali mno, lakini Profesa, kwa huruma zake zisizo na mpaka, alikubali kupokea lori. Lori hilohilo lililolisha nyumba na kusomesha watoto wanne.

"Nipime na mimi," mke alisema.

Profesa alikuwa na kanuni: mwanamume mtishe, mwanamke msifu. Akabandika nyaya, mashine ikalia, akaguna kwa mshangao.

"Shemeji! Kumi na tisa! Huu ni moyo wa msichana!"

Alitegemea tabasamu. Akalipata, pana kuliko alivyotaka.

"Baba Watoto, unaiamini mashine hii?"

"Kabisa."

"Profesa, haikosei?"

"Haijawahi."

"Sasa mwenye moyo wa miaka themanini na nne anafaa kuendesha lori? Au kuuza mali bila msimamizi?"

Profesa alipiga hesabu. Akisema anafaa, ugonjwa umepona bila tiba. Akisema hafai, lori halimfikii.

Mume ndiye aliyejibu, kwa hofu. "Sifai, mke wangu. Nimekwisha." Akatoa funguo, akamkabidhi mwenye miaka kumi na tisa.

"Lakini tiba, shemeji..."

"Tiba tunaifuata hospitali. Na mashine tunakwenda nayo, mgonjwa wako asije akazimika njiani hajapimwa. Au ni mbovu?"

Mume alimkazia macho Profesa. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyepakia mchanga tangu ujana.

"Nzima," Profesa alisema haraka. "Nzima kabisa."

"Basi tubebee."

Profesa akaibeba mwenyewe, ngazi zote, hadi barabarani. Mume alikuwa ameshaushika mlango wa dereva.

"Zunguka huko, babu," mkewe akamwambia, akampakatisha mashine. Akapanda, akashika usukani, akatia gia, na lori likaondoka.