Nusubei na Meza Sitini

Nusubei alikuwa anakunywa chai kibandani, mkabala na karakana ya samani, aliposikia mwanamke akigombana na simu.

"Lori zima kwa meza sitini? Kwani mnabeba meza, au mnabeba hewa iliyo chini yake?"

Nusubei akatua kikombe taratibu. Kuna watu wakisikia kilio hutafuta leso. Yeye hutafuta mlango. Jina lake alipewa na mtaa, kwa kuwa kila alichouza alikiuza nusu bei, na aliyenunua alipata nusu ya kitu au hakupata kabisa.

Alivuka barabara, akajipangusa vumbi, akaingia karakanani kama mkaguzi. Mafundi kumi na mmoja wakainua vichwa. Mwenye karakana, mama wa makamo mwenye penseli sikioni, hakuinua chake.

"Shikamoo mama. Nimekusikia ukidhulumiwa, nikashindwa kupita."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Mimi siuzi, mama. Mimi napunguza." Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Malori mengi yanashusha mzigo hapa mjini, yanarudi matupu. Dereva anayerudi mtupu anachukua chochote. Halafu wewe unasafirisha meza zikiwa zimesimama, kama zinakwenda harusini. Ng'oa miguu, laza vibao, funga bapa. Mzigo wa lori kubwa unaingia lori dogo. Nakubebea kwa nusu ya bei uliyotajiwa, na hulipi hata senti mpaka mzigo ufike."

Hapo ndipo mama akainua kichwa. Meza zile zilikuwa za hoteli mpya, safari ya kutwa nzima, na hoteli ilikuwa inafunguliwa Jumamosi. Nauli ya lori kubwa ingemeza faida yote, na mafundi wale kumi na mmoja wangefunga mwezi kwa pole.

"Ikivunjika?"

"Mama, mimi nafikisha mpaka meza isimame sakafuni."

Mama akachomoa penseli, akayaandika maneno hayo kwenye hati ya mzigo, neno kwa neno, akampa asaini. Nusubei akasaini kwa madaha. Mtu asiyekusudia kufika haogopi kuandikiwa ahadi za kufika.

Jioni hiyo, mkewe akiwa kwa dada yake, aliuza televisheni ya nyumbani, akapata malipo ya awali ya lori. Kisha akampigia dalali wa samani aliyekuwa na ghala nje ya mji.

"Nina meza sitini za mbao ngumu. Uziandalie nafasi."

Siku mbili baadaye vibao vikapakiwa, vimefungwa kwa maboksi na kamba, vimepangana kama mikate. Nusubei alisimamia kwa sauti kubwa na mikono mifukoni. Mama akamshukuru, akampa chupa ya maji ya njiani. Lori likaondoka, na kabla ya saa sita mchana likakata kona kuelekea ghalani.

Dalali alikata kamba ya kwanza, akafunua, akazunguka nyuma, akachungulia.

"Miguu iko wapi?"

"Iko humo humo," alisema Nusubei.

Wakafungua ya pili, ya kumi, ya ishirini. Vibao vitupu.

"Ndugu yangu," alisema dalali, "hivi nimuuzie nani? Watu wanaokula wamelala? Nitakupa bei ya kuni, kwa kuwa tumefahamiana."

Bei ya kuni haikutosha hata kumlipa dereva. Naye dereva, mtu wa mabega mapana na maneno machache, alikuwa ameshazima injini. "Mimi shusha hapa, shusha kule, ni sawa," alisema. "Ila sitoki bila changu."

Nusubei akajitenga nyuma ya ghala, akapiga simu.

"Shikamoo mama. Nauliza tu, kwa usalama wa mzigo. Ile miguu..."

"Ilishafika hotelini jana. Ulinifumbua macho, mwanangu. Nikajiambia, kama vibao vinalala bapa, miguu ina haja gani ya kupanda lori? Nikaitia kwenye magunia, ikaenda na basi. Nafuu mno."

"Ungeniambia, mama."

"Ili iweje? Watu wawili tu huuliza miguu iko wapi njiani: fundi anayetaka kuunga na mwizi anayetaka kuuza. Wewe ni yupi?"

Nusubei alitazama ukuta wa ghala.

"Mimi ni msafirishaji," alisema.

"Basi safirisha."

Lori likafika hotelini jua likizama. Meneja, kijana aliyenyooka kama shati lililopigwa pasi, akahesabu maboksi, akasoma hati, akaonyesha magunia matano kwenye kona.

"Malipo yako mama ameshayatuma kwangu. Hapa pameandikwa mpaka meza isimame sakafuni. Bisibisi hiyo hapo."

Miguu mia mbili na arobaini, kila mguu skrubu nne. Nusubei, ambaye hakuwahi kukaza hata kitasa cha mlango wake, alipiga magoti siku nzima ya pili na nusu ya siku ya tatu. Malengelenge yakamtoka, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Dereva alilala kwenye lori akimsubiri, na kila siku aliyosubiri aliiongeza kwenye bei yake. Malipo yalipotoka, dereva aliyapokea yote, akayatia mfukoni, akampa mkono wa kwaheri. Mwerevu hajinyoi, walisema wahenga, lakini hawakusema kinyozi humtoza kiasi gani.

Zilimbakia sarafu za kikombe kimoja cha chai. Akakaa kwenye meza ya dirishani, mgongo ukimuuma, akiwaza uongo gani utatosha kuziba ukuta mtupu nyumbani. Mhudumu akaleta kikombe, akakitua. Meza ikayumba, chai ikamwagika yote mapajani mwake.

"Samahani sana, mzee," alisema mhudumu, akikimbilia kitambaa. "Meza zenyewe ni mpya. Sijui zimeungwa na fundi gani."

Nusubei akajifuta taratibu.

"Mafundi wa siku hizi," alisema, "hawana uaminifu."