Jinsi Monjia wa Sfaks Alivyoufunga Mfuko wa Bsisa

Sogeeni, enyi kaumu ya majiko na makabati! Asiye na kiti na akae kizingitini, mwenye chungu motoni na apunguze moto, kwani leo yanenwa makuu ya Monjia binti Hamadi, simba jike wa mji wa Sfaks, mkaanga shayiri, mlinzi wa mikebe, aliyepigana na Hewa mwenyewe akamtoa mbio.

Mwaka uliotangulia, Monjia alimpelekea mdogo wake Taufik, aliyehamia Ubelgiji, kilo mbili za bsisa, ule unga wa shayiri ya kukaanga na kiungo cha anisi, kwa namna aliyowaachia marehemu mama yao. Akautia katika mfuko mwembamba wa plastiki, masikini! Kumbe mfuko ule ni ngome isiyo na mlinzi: unyevu hupita, harufu hupita. Taufik akapiga simu. "Dada, asante sana. Ila... inanukia sabuni." Neno lile lilimchoma Monjia mwaka mzima, maana kwao hakubaki mwingine ajuaye kuitengeneza.

Basi akakusanya silaha. Kila mfuko wa maziwa ya unga aliyoyamaliza mjukuu wake, ule wenye bitana ya kung'aa isiyopitisha mwanga wala pumzi, aliuosha akauanika kambani. Majirani wakaiona iking'aa juani, wakamcheka: "Mama Olfa, leo unaanika nishani?"

Siku ya siku ikafika, bsisa mpya tayari mfukoni. Jirani Monsef, msafiri wa Ubelgiji aliyekubali kuubeba, akasimama mlangoni huku teksi ikipiga honi.

"Mama, ndege hainingoji mimi! Na huo unga ukimwagikia suti yangu ya harusi, tusijuane!"

"Tulia wewe! Ngome haifungwi kwa makelele."

Ndipo shujaa akanyoosha mkono, akaitwaa pasi ya nywele kutoka kichwani mwa bintiye Olfa.

"Mama! Nimenyoosha upande mmoja tu!"

"Upande wa pili uvumilie, mwanangu. Hapa pana heshima ya bibi yako!"

Akaubana mdomo wa mfuko kwa ile pasi ya moto ili ugandane. Akauminya karibu na shavu: fyuu! Lahaula, adui angali anapenya! Chembe za unga zilikuwa zimekwama penye mshono. Honi ikalia tena. Monjia hakutetereka, akakata mdomo, akaupangusa kwa ncha ya mtandio, akaikamua hewa kwa kiwiko, akabana upya huku akisoma bismillahi. Akauminya. Kimya.

"Chukua," akamwambia Monsef, "uulalie ukitaka."

Siku ya tatu simu ikalia. Ni Taufik; Monjia akasikia mfuko ukichanwa kwa meno. Mara Taufik akapiga chafya kubwa, unga umempanda puani.

"Dada... kunanukia kama jikoni kwa mama."

Na iandikwe, basi, katika tarikhi za miji yote, kwamba siku hiyo Hewa alishindwa, Unyevu akarudi mikono mitupu, na pasi ya Olfa yanukia shayiri hata leo. Monjia akafuta machozi, akatoka uani kuanika mfuko mwingine. Jirani akachungulia ukutani: "Nishani tena, Mama Olfa?"

"Naam," akanena. "Nishani."